Mlinzi Aliyehesabu Kumi na Wawili: Maisha ya Hosea Bligen wa Kisiwa cha Tansy

Kwa jina la Mungu azihesabuye nyota na kuziita kila moja kwa jina lake, Mungu wa wale waliovushwa bahari kwa minyororo wakashushwa katika visiwa hivi vya Carolina ya Kusini, wakalima mpunga wa watu wengine, wakazikwa ukingoni pasipo jiwe, nasi tukatoka viunoni mwao, tunasimama leo, Jumamosi, tarehe 15 Oktoba 2022, katika Kanisa la Baptisti la Mlima Horebu, mbele ya mwili wa ndugu yetu Hosea Bligen, mwana wa Ephraim, mwana wa Cudjoe, mwana wa mtu ambaye jina lake hatukuachiwa.

Mchungaji, mashemasi, akina mama wa kanisa, wageni mliotoka Ohio na Georgia, na ninyi majirani, historia hii imesimuliwa neno kwa neno na dada wa marehemu, Mama Dorcas Bligen Chisolm, aliyeketi pale mbele na kofia nyeupe, naye ameagiza isomwe yote kama alivyoisema, pasipo kupunguzwa hata neno linalomgusa yeye mwenyewe, na familia imekubali, kwa sababu yuko mtoto mmoja wa nyumba hii ambaye kwa miaka sitini na mitano hajafika nyumbani, na maisha yote ya marehemu, pamoja na sifa zote mtakazozisikia, yalikuwa maisha ya mtu anayemngoja mtoto huyo.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 11 Machi 1951, katika nyumba ya wazazi wake hapa Tansy, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Mzee Ephraim, mkulima wa nyanya, na Mama Rosetta, msusi wa vikapu, akapokelewa na mikono ya bibi yake, Mama Hagar, mkunga wa kisiwa, ambaye ndiye aliyewapa watoto wote watatu majina yao ya kikapu, yale ya nyumbani ambayo mtoto hupewa angali amelala kapuni na ambayo karani wa serikali hayajui, dada akiitwa Tuti, kaka yao Amos akiitwa Mingo, na yeye kitinda mimba akiitwa Sanko.

Ninyi wa hapa mnajua, na wageni watatuwia radhi, kwamba hakuna mzazi wa kisiwa hiki aondokaye mahali na mtoto bila kuliita jina lake la kikapu na kumwambia, njoo, twende, kwa maana mwili wa mtoto huweza kufuata mkono wa mama huku roho yake imebaki nyuma ikicheza.

Jumamosi, tarehe 17 Agosti 1957, watoto hao watatu walikwenda gati la Capers kuvua kaa kwa kamba na shingo za kuku, Dorcas akiwa na miaka kumi na miwili, Amos tisa, Hosea sita, maji yakajaa upesi kuliko walivyodhani, wakarudi wawili, na Jumatatu yake Amos alipatikana katika majani ya tope upande wa chini, akazikwa siku iliyofuata.

Baada ya maziko Bibi Hagar aliwaita wajukuu wawili waliobaki barazani, akauliza, "Nani alitoka wa mwisho pale gatini?"

Dorcas akajibu, "Sanko."

"Wewe Sanko, ulipoondoka, ulimwita kaka yako?"

Mtoto akatikisa kichwa, naye Bibi Hagar hakumkaripia wala hakulia, alisema tu, "Basi yuko palepale, amekaa anasubiri. Na aliyemwacha ndiye wa kumwita, si mama yake, si mchungaji, ni yule aliyemwacha, na amwite pale pale alipomwacha."

Baba alimpeleka gatini asubuhi yake, lakini mtoto alifumba kinywa na meno yake yakagongana, sauti haikutoka, na Mama Rosetta akaapa kwamba hakuna mtoto wake mwingine atakayekanyaga ukingo ule maadamu yeye yu hai, akaishi hadi mwaka 1971, na kwa hiyo jambo likalala.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma shule ya kisiwa kuanzia mwaka 1957 hadi 1965, kisha sekondari ya bara hadi 1969, ambako alianza kucheza mpira wa Kimarekani kwa sababu, kama alivyomwambia dada yake, ni mchezo unaochezwa mbali na maji, akapata nafasi ya kusoma na kucheza katika Chuo cha Bethesda Grove, Georgia, akahitimu ualimu mwezi Mei 1973, na mwaka huohuo akachaguliwa katika raundi ya nne ya mgao wa wachezaji wapya na timu ya Wafua Vyuma wa Toledo, Ohio, aliyoichezea misimu kumi na moja, michezo mia moja sitini na mitatu, akivaa namba hamsini na nne.

Alikuwa mlinzi wa kati, yule asimamaye nyuma ya ukuta wa walinzi wenzake akiwatazama wapinzani usoni, na ambaye, kabla mpira haujaondoka, husoma walivyojipanga na kuwahamisha wenzake kwa neno moja, maana katika kelele za watu sabini elfu hakuna nafasi ya sentensi, na kila timu huwa na neno lake la kushoto na neno lake la kulia, ya siri, ambayo wapinzani hawayaelewi.

Kocha wa walinzi alipomwuliza msimu wa kwanza anataka maneno gani, marehemu alijibu bila kufikiri kwamba kushoto iwe Mingo na kulia iwe Tuti, kocha akacheka akisema, "Hayo ni majina ya paka, Bligen, lakini yanasikika vizuri," na tangu siku hiyo wanaume kumi na mmoja wakubwa, wengi wao wasiojua kisiwa kiko wapi, wakawa wanalipaza jina la mtoto aliyekufa, kila Jumapili, kwenye theluji na kwenye jua, mara arobaini, mara hamsini kwa mchezo mmoja.

Bibi Hagar alikuwa hai bado, haoni vizuri, lakini masikio yake yalikuwa ya msichana, na siku moja ya mwaka 1974, alipokuwa akimenya uduvi mbele ya televisheni ya jirani, alisikia sauti ya mjukuu wake chini ya sauti ya mtangazaji, akaweka bakuli chini, akaagiza apigiwe simu.

"Sanko, mwanangu, unamwita nani huko?"

"Ni neno la mchezo tu, Bibi."

"La mchezo! Umemwacha Carolina, unamwita Ohio. Unataka aje kwa miguu? Mtu akiitwa huja, na mtoto hajui njia ndefu na fupi, yeye huja tu."

"Bibi, huku kuna baridi, Mingo hawezi."

"Cheka, cheka. Siku akifika utamweka wapi?"

Marehemu alicheka kweli, lakini alikiri baadaye kwamba tangu mchezo uliofuata alianza kuwahesabu wenzake kabla ya kila mpira, jambo ambalo halikuwa kazi yake, na hesabu ikawa sawa mara nyingi, na mara chache ikazidi kwa mmoja, kisha akipepesa macho ikarudi kumi na mmoja.

Mfalme Daudi alipowahesabu watu moyo wake ulimchoma, na wazee wetu walitufundisha kwamba anayehesabu walio wake hukaribisha asiyekuwa wake.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 21 Juni 1975, huko Toledo, na Bi Verdell Grayson, mwalimu wa shule ya Jumapili, ambaye alikubali kuolewa na mtu aliyekuwa akitoka kanisani huku akitazama nyuma, na Mungu akawajalia watoto wawili, Naomi, aliyezaliwa mwaka 1977, na Thaddeus, aliyezaliwa mwaka 1981, na wajukuu watano ambao wote wapo hapa.

Wale mliofuata michezo mnangoja tufike Jumapili ya tarehe 13 Januari 1980, nasi hatutairuka, kwa kuwa ni siku ambayo jina la marehemu lilitajwa kuliko siku nyingine yoyote, na kwa aibu.

Ilikuwa nusu fainali, theluji ikianguka, Wafua Vyuma wakiongoza ishirini kwa kumi na saba, sekunde thelathini na nane zimebaki, wapinzani wako yadi tatu kutoka mstari wa goli na wana jaribio moja tu la mwisho, na timu yenye walinzi kumi na wawili uwanjani huadhibiwa kwa kusogezewa mpira karibu zaidi na mstari wake, marehemu akaita Mingo, wenzake wakahamia kushoto, akawahesabu, wakawa kumi na wawili, akapepesa macho, wakawa kumi na wawili, akahesabu kwa kidole, wakawa kumi na wawili, basi akamgeukia kijana Rudell Tibbs wa pembe ya kushoto akapiga kelele, "Toka! Toka, tumezidi!"

Tibbs alisita, akisema, "Mzee, tuko sawa!" naye akamsukuma kifuani, kijana akakimbia kutoka nje, na wapinzani, walipoona upande wa kushoto uko wazi kama mlango wa kanisa, wakapitisha mpira hapo mpaka ng'ambo ya mstari, wakashinda, mchezo ukaisha.

Kocha mkuu alimwuliza mbele ya waandishi, "Bligen, huko chuoni kwenu hesabu mlifundishwa na nani?" naye akajibu kwamba alihesabu vibaya, na jibu hilo hakulibadilisha kwa mwandishi yeyote hadi kufa kwake, na kwa miaka mingi huko Toledo, akienda kununua mkate, vijana walimnyoshea vidole vyote kumi na kumwambia, "Ongeza kimoja, Bligen, usiongeze viwili!"

Lakini jioni ile alimpigia dada yake simu, naye Mama Dorcas anataka mjue alichoambiwa, kwa maana hakuwahi kumwambia mtu mpaka wiki hii.

"Dada, nilimwona. Alisimama kushoto, pale nilipomwita. Hana kofia ngumu, miguu ina tope mpaka magotini. Ningemtoa vipi? Yeye ni mtoto. Nikamtoa Tibbs."

Mama Dorcas alimjibu, "Umechoka, Sanko, lala," akakata simu, akakaa nayo mapajani.

Marehemu alistaafu mchezo mwezi Desemba 1983, akarudi nyumbani na familia yake mwaka uliofuata, akakataa kufundisha mpira ingawa shule tatu zilimwomba, akaomba kazi ya kuendesha basi la shule, akaifanya tangu Agosti 1985 hadi Juni 2009, miaka ishirini na minne, na hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kusahaulika njiani, kwa kuwa hakuwasha gari mpaka amemwita kila mtoto kwa jina, kisha akahesabu, kisha akangoja kidogo, watoto wakimtania, "Mzee Bligen, tumo wote, umejihesabu na wewe!" au, "Huyo mwingine atakuja kesho, twende, njaa inatuuma!" naye hutazama kioo cha nyuma na kusema, "Haya, twende," kwa sauti ya mtu ambaye hakuridhika.

Gatini hakwenda, na mkewe alipomwuliza kwa nini asimwite mtoto huyo na kumaliza, alimjibu kwamba aliogopa mambo mawili, kwamba atamwita asije, na kwamba atamwita aje, akamkosa, maana amekwisha kumzoea hapo kushoto kwake.

Maradhi yalianza mwaka 2014, kwanza funguo, kisha njia, kisha majina, na madaktari walisema ni mapigo ya kichwa ya miaka ile yote, kwamba ubongo unavuja kama ndoo kuukuu, na hapo ndipo hofu kubwa ilipoiingia nyumba hii, kwa kuwa Bibi Hagar, ambaye amelala tangu 1978, aliacha neno kwamba aliyemwacha ndiye wa kumwita, na ikiwa aliyemwacha atasahau jina kabla hajaliita, Mingo atakaa gatini mpaka siku ya parapanda.

Basi Jumamosi, tarehe 4 Mei 2019, saa tatu asubuhi, Mama Verdell na Mama Dorcas walimpeleka gati la Capers, wakamshusha taratibu, akasimama kwenye mbao akitazama maji kwa upole kama mgeni, wakamwambia, "Mwite kaka yako," akauliza, "Nina kaka?"

Hawakuthubutu kumtajia, maana jina la kuazimwa si mwito, wakakaa naye saa nzima, mpaka Mama Verdell, mke aliyetazama michezo mia moja na zaidi kutoka viti vya baridi, akasimama mbele yake, akainama kama mpanga mashambulizi wa wapinzani, akaanza kupaza namba zile wazipazazo kabla mpira haujaondoka, na mwili wa marehemu ukakumbuka kile ambacho kichwa kilikipoteza, magoti yakakunjika, mikono ikafunguka, macho yakawa ya mwaka 1979, na akapiga kelele iliyowarusha ndege majanini, "Mingo! Mingo! Mingo!"

Wanawake wawili walikumbatiana wakilia, wakamrudisha nyumbani wakiamini deni la mtoto limelipwa, wakapika wali mwekundu na kaa, na Jumapili, wote walipoketi mezani baada ya ibada, marehemu aliwanyoshea kidole mmoja mmoja, midomo ikicheza, akasema, "Tumezidi mmoja."

Mama Verdell alifikiri kwamba haikufaa kwa sababu aliita mchezo tu, hakumwita ndugu yake, na wengi wetu tulifikiri hivyo, lakini Mama Dorcas aliweka kijiko chini, kwa sababu alijua sababu nyingine, na sasa tunafika mahali ambapo ameagiza tusome polepole.

Siku ile ya mwaka 1957, Hosea hakuwa wa mwisho kutoka gatini, alikuwa ametangulia na ndoo ya kaa, amekwisha kufika kwenye miti, na waliobaki walikuwa Dorcas na Amos, ambaye asubuhi hiyo alimwita dada yake mguu wa korongo mbele ya wasichana wa kwaya, wote wakacheka, naye akaja na hasira hiyo mpaka mtoni.

Amos alikuwa anavuta kamba ya mwisho, akasema, "Tuti, nisubiri."

Akamjibu, "Jisubirie mwenyewe."

Alijua kwamba anapaswa kumwita jina na kumwambia njoo, twende, kwa kuwa ndiye mkubwa na Bibi Hagar alimkabidhi wadogo zake, akaubana mdomo makusudi, akalishikilia jina lile kinywani ili mtoto aonje hofu kidogo, akaondoka, na alipofika kwenye kona alimsikia akiita, "Tuti! Tuti!" akadhani ni ujanja, akaendelea kutembea.

Kisha barazani alipoulizwa, alimtaja mtoto wa miaka sita, na mtoto wa miaka sita, ambaye kweli hakumwita kaka yake kwa kuwa hakujua kuwa ni zamu yake kumwita, aliamini neno la dada yake mpaka likawa kumbukumbu yake, akalibeba katika michezo mia moja sitini na mitatu, akalipa kwa nusu fainali, akaliendesha katika basi miaka ishirini na minne, na kila Jumapili ya misimu ile kumi na moja Mama Dorcas alikuwa akizima sauti ya televisheni, kwa sababu jina la Mingo aliweza kulivumilia, lakini likija lile la upande wa kulia, Tuti, alisikia sauti nyingine ikimwita.

Bwana alimwuliza Kaini yuko wapi ndugu yako, naye akajibu, je, mimi ni mlinzi wa ndugu yangu, na Mama Dorcas anasema kwamba yeye hakuwa na ujasiri hata wa jibu hilo, alimwonyesha mlinzi mwingine kwa kidole.

Jumapili, tarehe 2 Oktoba mwaka huu, saa kumi alasiri, alikaa kando ya kitanda cha marehemu hospitalini bara, akayasema haya yote tangu mwanzo hadi mwisho, akiwa ameushika mkono wake, na marehemu alisikiliza kwa adabu yake ileile, dada alipomaliza akamwuliza, "Mama, na wewe ni wa watu gani?" akamjibu, "Wa Bligen," akasema, "Watu wazuri hao," akafumba macho.

Hakufumbua tena kwa kumtambua mtu, akaitwa na Muumba wake Jumapili iliyofuata, tarehe 9 Oktoba 2022, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, mkewe na watoto wake wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka minane bila kuchoka kuulizwa majina yao, majirani wa barabara ya Capers waliomrudisha nyumbani kila alipopotea, madereva wenzake wa mabasi, wachezaji wa zamani wa Toledo waliosafiri siku mbili, na kwa namna ya pekee Bwana Rudell Tibbs, ambaye leo atabeba jeneza kwa upande wa kushoto, kwa ombi lake mwenyewe, aliyeambiwa jana kwa nini alisukumwa, akasema, "Basi alikuwa na sababu nzuri kuliko kocha."

Tunalo ombi moja, nalo ni la Mama Dorcas, kwamba tukimaliza makaburini mwondoke wote kwa barabara ya kanisa, kila mzazi akimshika mtoto wake na kumwita jina lake la kikapu, na msimngoje yeye, kwa kuwa saa tisa maji yatakuwa yamejaa gatini, naye atakwenda huko kwa miguu yake, ana miaka sabini na saba na mkongojo, amwite mtoto aliyemwacha, na maneno yake ya mwisho aliyotuagiza ni haya, "Mkisikia naita msije. Nikimwita asitoke, nitaita tena, na mkiona giza limeingia sijarudi, jueni kwamba bado hajanijibu, na kwamba safari hii nimemsubiri."

Hosea, mwana wa Ephraim, mlinzi, uliyelindwa vibaya na aliyekuzidi umri, hesabu yako imekwisha, hukukosea, pumzika kwa amani.

Kwa Amos hatusemi hivyo leo.

Nanyi mliosikiliza, Bwana ayajue majina yenu yote, lile la serikalini na lile la kikapuni, asimwache mtu wa nyumba zenu mahali popote pa maji wala pa nchi kavu, na kila mtakapoinuka kuondoka, awepo mmoja wa kugeuka nyuma na kuwaita, hata leo, hata milele, amina.